Maji ya kijito cha Rungwe au ya kisima kirefu: yapi yanafaa vodka?

Lita 1 ya spiriti yenye kilevi cha asilimia 96 ikishushwa kwa maji hadi 40 hutoa takriban lita 2.4. Zaidi ya nusu ya chupa ni maji, kwa hiyo chagua kwa makini.

Vijito vya Mlima Rungwe, mkoani Mbeya, hulishwa na mvua nyingi, na maji yake kwa kawaida ni laini: sabuni hutoa povu upesi, vodka huteleza kooni. Masika huleta tope; yatuamishe, uyachuje kwa mchanga, kisha mkaa.

Ya kisima hung'aa mwaka mzima, ila chungulia birika. Ukoko mweupe ni chokaa, na kwenye pombe haiyeyuki vizuri: chupa iliyofungwa safi hupoteza ung'avu, kisha chembe nyeupe hutua chini. Kuchemsha hupunguza tu. Sisi tunachagua kijito. Kisima kinataka mtambo wa kuondoa madini.