Pikapu ya zamani ya kufufua: ipi ununue Arusha na Moshi

Watu wengi huniuliza pikapu gani wanunue waifufue pole pole, ya kushusha ndizi kutoka Kibosho au kubeba saruji na majani ya ng'ombe. Na mimi huwauliza: fundi wako yuko wapi, na spea utazitoa wapi? Pikapu iliyolala miaka sita chini ya mparachichi haikulazwa na rangi kuchakaa. Mwenyewe alikwama, mara nyingi kwa kitu kidogo kilichokosekana dukani. Kwa hiyo nimezipanga kwa kuangalia ipi utaweza kuimaliza.

Ya kwanza ni Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, cc 2,779, toleo la 1988 hadi 1997. Haina tabo wala kompyuta. Fundi wa Unga Limited anaijua, wa Majengo Moshi anaijua, na hata ikikufia Himo hukosi mtu wa kuifungua. Spea zipo mpya, zipo za mtumba, na feki zipo pia, kwa hiyo pampu ya maji na gasketi ya silinda hedi usinunue kwa kufuata bei ya chini. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hakumbuki ulibadilishwa lini, ubadilishe kabla hujaenda mbali, maana ukikatika valvu zinakutana na pistoni na hapo unaanza kutafuta injini nyingine. Soma pia namba ya injini kwa macho yako. Zipo nyingi zenye injini ya 2L badala ya 3L, na ile ya tabo, 2L-T, inajulikana kwa kupasua silinda hedi.

Ila ugonjwa unaomaliza pesa kwenye Hilux ni chesisi, fremu ya chuma inayobeba gari zima. Ya kwangu niliinunua jioni, chini yote imepakwa rangi nyeusi inayong'aa, nikafurahi kwamba imetunzwa. Miezi miwili baadaye, nikitoka Mererani na mzigo wa mawe, mlango wa dereva ukakataa kufunga. Fundi akalala chini na brashi ya waya, akasugua nyuma kidogo ya kabini. Chini ya rangi palikuwa na kipande cha bati kilichochomelewa, na pembeni yake ufa unaopitisha ukucha. Gharama ya kunyoosha na kuchomelea upya ilikuwa kubwa kuliko ya kufungua injini. Sasa siendi kuangalia gari bila nyundo ndogo. Nagonga chesisi kuanzia mbele, pale boksi ya usukani ilipofungwa, hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa mlio mfu, na rangi mpya sehemu moja tu inatosha kunifanya nisugue.

Ya pili, Nissan Hardbody D21 yenye injini ya TD27, cc 2,663. Taimingi yake ni ya gia, haina mkanda wa kukuogopesha, na kwa kawaida utaipata kwa bei ya chini kuliko Hilux. Mimi ningeiweka ya kwanza kama milango na taa zake zingepatikana kirahisi kama za Toyota. Ikiwa bodi ni nzima, nunua.

Ya tatu ni Isuzu TFR ya 4JA1, cc 2,499. Inanyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, hivyo inakula mafuta kidogo na haisumbui kuwaka asubuhi ya Julai Arusha, wakati nyingine zinangoja plagi za joto. Wakenya wameziunganisha kwao miaka mingi, kwa hiyo spea ikikosekana hapa huagizwa Nairobi ipitie Namanga.

Land Rover 109 Series III ya 1971 hadi 1985 ni ya nne, na ni ya mtu anayeipenda kwa moyo. Bodi ni aluminiamu, haishiki kutu, lakini chesisi na ukuta wa mbele wa kabini ni chuma na vinaoza kutokea ndani. Aluminiamu nayo haichomelewi na kila fundi. Mtafute kwanza mzee anayezijua, ndipo utafute gari.

Land Cruiser HZJ75 yenye 1HZ ingezishinda zote kwa uimara. Lakini hapa ndiyo gari la utalii, hata mzoga wake una wateja, na ukiinunua umemaliza pesa ya matengenezo.

Mitsubishi L200 ya 4D56 naiweka mwisho kwa anayeanza. Ina mikanda miwili, wa taimingi na wa shafti za kutuliza mtetemo, na huo mdogo ukikatika unaweza kuuvuta mkubwa.

Yoyote utakayochagua, linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi kabla ya kutoa hata shilingi ya malipo ya awali. Injini iliyobadilishwa bila kuandikwa TRA itakusumbua siku ya kuhamisha umiliki. Kwenda kuiona, fika mapema bila kupiga simu ukiwa njiani, na kabla ya salamu kwisha weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, wameshaiwasha kabla hujafika. Mwombe muuzaji urudi kesho, uisikie ikiwaka baridi.