Kubadili mwendo wa wimbo bila kuharibu sauti: programu ipi ulipie, ipi uchukue bure

Mwalimu wa kwaya anataka biti ishuke kidogo ili waimbaji wapate pa kuvuta pumzi. Anayejifunza gitaa anataka kusikia solo polepole, noti baada ya noti. Kijana wa studio ana kipande cha sauti kisichoendana na biti yake. Hawa watatu wana shida moja, lakini hawapaswi kununua kitu kimoja, na wengine hawana haja ya kununua chochote.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kuna kubadili kasi, na kuna kubadili mwendo. Ukibadili kasi, kii (kimo cha sauti, juu au chini) nayo inabadilika, kama ilivyokuwa kwa kanda za zamani: ongeza kasi kwa takriban asilimia 6 na wimbo mzima umepanda nusu toni. Ukibadili mwendo, kii inabaki palepale. Ili kufanya hivyo programu hukatakata sauti vipande vidogo sana, kisha huvipanga upya kwa kuvibananisha au kuvitanua. Programu nzuri na mbaya hutofautiana hapo.

Kwa hiyo usiamini tangazo, jaribu. Chukua sekunde kumi za wimbo wako zenye ngoma na sauti ya mtu anayevuta irabu ndefu, zishushe mwendo kwa asilimia 15, kisha vaa hedifoni. Sikiliza mpigo wa ngoma: ukigonga mara mbili, kama una mwangwi mfupi nyuma yake, hiyo ni alama mbaya. Sikiliza irabu: ikitetemeka kama mtu anaimba ndani ya pipa, hiyo ni ya pili. Fanya jaribio hili kwa faili la WAV (sauti isiyobanwa) ukiwa nalo, maana MP3 iliyobanwa sana huja na makwaruzo yake na utailaumu programu bure.

Ya kwanza kwenye orodha yangu ni Audacity. Ni bure kabisa na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa mwalimu wa kwaya hii inatosha. Chagua wimbo wote, nenda kwenye menyu ya Effect, tafuta "Change Tempo". Wimbo ukiwa na mapigo 96 kwa dakika na unataka 84, tofauti ni 12 gawanya kwa 96, yaani punguza asilimia 12.5. Kabla ya kukubali, weka alama kwenye kisanduku cha "high quality stretching". Itachukua muda zaidi kwenye kompyuta ya zamani, lakini kwa sauti za watu naona subira hiyo inalipa. Angalia tu usichague "Change Speed and Pitch", jirani yake, ukashangaa soprano wamegeuka alto.

Ya pili, na ya kwanza kati ya zile za kulipia, ni Reaper, programu ya studio ya kurekodi na kuhariri sauti. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, kisha leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. Sababu ya kuipendekeza ni hii: rekodi nyingi za kwaya na za bendi za mtaani hazikurekodiwa kwa metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo sawasawa. Ubeti wa kwanza una mwendo wake, kibwagizo kinakimbia, mwisho unalegea. Asilimia moja kwa wimbo mzima haiwezi kutibu hilo. Ndani ya Reaper unapigilia alama kwenye mipigo, kisha unavuta kila sehemu mpaka ikae kwenye mstari wake. Ukitaka kutanua kipande kizima, shika Alt na uvute ukingo wake kwa kipanya. Unaweza pia kuchagua njia ya kutanulia kipande kimoja kimoja: élastique Pro kwa muziki uliochanganywa, Soloist kwa mwimbaji mmoja peke yake. Ni kazi ya jioni nzima kwa wimbo mmoja, sikudanganyi, ila hakuna mkato unaoifikia.

Mwenye Mac aanze na GarageBand, ambayo ni bure na ina uwezo wa kusogeza mipigo. Akishindwa ndipo afikirie Reaper.

Kwa anayejifunza ala, usinunue studio nzima. Transcribe! ya Seventh String imetengenezwa kwa kazi hiyo: inapunguza mwendo, inarudia baa mbili ulizochagua mpaka zikukae vidoleni, na inakukisia noti zinazosikika. Ina kipindi cha majaribio, na bei yake iko chini ya ile ya Reaper. Kama una simu tu, VLC, programu ya kuchezea muziki na video, inacheza polepole bila kugusa kii, bure. Haikupi faili jipya, lakini mazoezi hayahitaji faili jipya.

FL Studio, programu ya kutengenezea biti, naiweka chini kwa kazi hii, ingawa imejaa kwenye studio za Bongo. Kama tayari unatengenezea biti humo, itumie. Ukiinunua, matoleo yajayo unapata bila kulipa tena. Inauzwa kwa madaraja, hivyo hakikisha tu daraja unalolipia linashughulikia sauti zilizorekodiwa jinsi unavyotaka. Na ukikuta kipande kimewekwa njia ya kutanua iitwayo "Resample", badilisha, la sivyo kii itafuata mwendo. Waandaaji wa singeli, muziki wa kasi sana wa Dar es Salaam, walianza kwa kuharakisha vipande vya taarab hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na huko makwaruzo ni sehemu ya ladha. Mwenye kazi hiyo asitoe hela kutafuta usafi asiouhitaji.

Ableton Live, programu nyingine ya studio, ni ya anayepiga jukwaani na kubadili mwendo papo kwa papo watu wakicheza. Kwa hilo nzuri sana. Kwa kushusha biti ya kwaya ni gharama isiyo na sababu.

Nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi achana nazo: mara nyingi hubeba virusi, na Audacity iko bure.