Sandboxie au Deep Freeze? Nilichokiona kwenye kompyuta za steshenari

Ukiwa na steshenari karibu na chuo, virusi vitakujia mfukoni mwa wateja. Mwanafunzi ametoka kuprinti risachi yake kwa jirani, anapita kwako kurekebisha ukurasa wa mbele na kubaindi. Anachomeka flashi, halafu anakuita: "Kaka, mbona folda zangu zote zimekuwa shotikati?" Folda zake za kweli zipo, ila zimefichwa. Anachokiona ni vishale vyenye majina yaleyale, na akibofya kimoja folda inafunguka kama kawaida, huku skripti (kijiprogramu kifupi cha amri) ikijinakili kimyakimya kwenye kompyuta yako. Flashi ya mteja anayefuata nayo inaambukizwa.

Antivirusi ninayo na inakamata vingi. Lakini bando likiisha haijisasishi, na kuna wateja ambao flashi zao zina mambo mapya kuliko inayoyajua. Ndiyo maana nikaingia kwenye programu za aina nyingine, ambazo hazihangaiki kumtambua mdudu ni nani. Ziko za namna mbili na watu huzichanganya sana. Namna ya kwanza ni sandiboksi, kama Sandboxie: programu unayoitilia shaka inafungiwa ndani ya boksi, na kompyuta iliyobaki haiguswi. Ya pili, kama Deep Freeze, inagandisha kompyuta nzima, ili kila ukiizima na kuiwasha irudi kama ulivyoiacha siku ya kuigandisha.

Nianze na Sandboxie, kwa sababu ndiyo ninayoipenda. Ni ya siku nyingi: Ronen Tzur aliitoa mwaka 2004 kwa ajili ya kivinjari cha Internet Explorer, baadaye ikamilikiwa na Invincea, kisha Sophos, ambao mwaka 2020 waliuweka msimbo wake wazi. Sasa David Xanatos ndiye anayeiendeleza kwa jina la Sandboxie-Plus, na baadhi ya vipengele vyake vinataka cheti cha kulipia. Matumizi yake ni mepesi. Nabofya kulia kwenye flashi ya mteja, nachagua ifunguke ndani ya boksi, na dirisha linazungushiwa mstari wa njano. Chochote kitakachozaliwa humo kinabaki humo: ukibofya shotikati, skripti inayofumuka nyuma yake nayo imeshafungiwa.

Raha yake ni kuchungulia. Kila kinachoandikwa na programu iliyo ndani ya boksi kinaelekezwa kwenye folda ya C:\Sandbox, kikiwa kimepangwa kana kwamba ni diski halisi. Ukimaliza na flashi iliyoambukizwa, ingia humo uone mdudu alikuwa anataka kwenda wapi. Mara nyingi utamkuta amejipachika kwenye nakala ya folda ya Startup, akisubiri kompyuta iwashwe aamke nayo. Yuko pale, ana jina la ajabuajabu, na hawezi kitu. Unafuta vilivyomo kwenye boksi, unaendelea na kazi.

Sasa shida yake, na kwa steshenari ni shida kubwa. Mteja akifungua risachi yake ndani ya boksi, akarekebisha jina la msimamizi na kusevu, yale marekebisho hayaendi kwenye flashi. Yanakaa C:\Sandbox, ndani ya kijifolda cha drive\E (E ikiwa ndiyo herufi ya flashi), na flashi inabaki na faili la jana. Programu ina njia ya kulitoa faili kwenye boksi na kulirudisha mahali pake, lakini lazima aliyepo zamu ajue na akumbuke. Kijana wa zamu mwenye foleni ya watu sita, mmoja anataka picha za pasipoti, mwingine analalamika kopi zimefifia, hakumbuki. Unaweza kuiruhusu flashi iandikwe moja kwa moja kutoka ndani ya boksi, ila hapo umetoboa ukuta palepale adui anapopitia.

Jambo la pili halizungumzwi sana. Kwa mipangilio yake ya kawaida, boksi linazuia kuandika nje, halizuii kusoma. Programu iliyo ndani bado inaweza kuyasoma makabrasha yako na kuyatuma nje kama intaneti ipo. Kufunga mlango huo kuna mipangilio yake, na si jambo la kumwachia mtu wa zamu.

Deep Freeze ya Faronics ni kinyume chake: aliyekaa kwenye kiti hahitaji kujua chochote. Pembeni ya saa kuna kidubu cheupe. Ukishika Shift ukambofya mara mbili anakuuliza paswedi, na humo ndani unachagua kompyuta iwake ikiwa imeganda au imeyeyuka. Basi. Wateja wapakue michezo, wabadilishe picha ya desktopu, wajaze skrini upuuzi. Jioni unazima, asubuhi kompyuta inaamka safi. Hata TANESCO wakikata katikati ya kazi na UPS, ile betri ya akiba, ikachoka, ikiwaka tena inarudi palepale ulipoigandisha.

Bei yake ni nidhamu. Masasisho ya Windows nayo yanafutika, antivirusi inasahau ilichojifunza, kwa hiyo lazima utenge muda wa kuiyeyusha, kusasisha, na kuigandisha tena. Mimi nafanya Jumapili, wateja wakiwa wachache. Kazi zinazosubiri kuchukuliwa tunazisevu kwenye ThawSpace, sehemu ya diski ambayo haigandi, kwa sababu cha desktopu kinaondoka na maji. Na ni ya kulipia. Ile ya majaribio ina kikomo cha siku 30. Microsoft wenyewe walikuwa na ya bure, Windows SteadyState, wakaacha kuitoa mwishoni mwa 2010, na wengi wetu hatujawasamehe.

Lakini wenzangu wengi wakishaona kidubu wanalala usingizi, na hapo ndipo ninapobishana nao. Kugandisha hakuzuii mdudu kuingia. Akiingia saa tatu asubuhi, yupo kazini mpaka utakapozima. Flashi zote zitakazochomekwa katikati hapo zinaambukizwa, na flashi hazirudi nyuma kompyuta ikizimwa. Kompyuta yako kesho ni safi, wateja wako ndio wanaoondoka na ugonjwa. Kibaya zaidi ni paswedi. Kwetu watu wanakuja kuomba mikopo ya HESLB na kazi kupitia Ajira Portal. Kama kuna kinachorekodi herufi zinazobonyezwa, kikishaituma paswedi kimeituma, kuganda hakuirudishi. Kwa hiyo sheria ya hapa ni kwamba anayekuja kujaza fomu mtandaoni, kompyuta inarestatiwa kwanza, na flashi haichomekwi mpaka atakapohitaji kupakia viambatanisho.

Shadow Defender inafanya kazi ileile kwa wepesi zaidi. Unaweza kuiwasha katikati ya siku bila kurestati, na ina orodha ya folda ambazo haitazigandisha, jambo ambalo kwa kompyuta ya mtu binafsi ni raha. Kwenye kompyuta za wateja bado nampa dubu kura yangu, maana paswedi na ratiba zake zimefikiriwa kwa sehemu ambazo mtumiaji si mmiliki.

Windows Sandbox, ile inayokuja na Windows 10 tangu toleo la 1903, nilitamani sana inifae. Inafungua Windows nyingine ndogo, mpya kabisa, na ukiifunga yote yanapotea. Ila haipo kwenye Windows Home, ile ya matumizi ya nyumbani, inataka RAM ya kutosha, Word haimo, na flashi ukiichomeka haionekani humo. Lazima unakili faili kwa mkono au uandike faili la mipangilio. Nyumbani naitumia kujaribia programu nilizozitilia shaka. Dukani hapana.

Na wale wanaoniambia "si kuna System Restore ya bure?" Hiyo ni kitu kingine. Inarudisha faili za mfumo, rejistri (hifadhi ya mipangilio ya Windows) na programu kwenye hatua ya nyuma. Makabrasha yako haiyagusi. Virusi vya kuteka faili vikiingia, moja ya kazi zao za mwanzo ni kufuta hizo nakala kwa amri moja ya vssadmin, kifaa cha Windows yenyewe. Naiacha ikiwa imewashwa kwa ajili ya draiva ya printa inapogoma baada ya sasisho, na hapo inasaidia kweli.

Nilivyopanga sasa ni hivi: kompyuta za wateja zina Deep Freeze, na laptopu yangu yenye hesabu za duka na za mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, ina Sandboxie, flashi ya mtu yeyote, hata ya mwalimu ninayemheshimu, inafunguliwa kwenye mstari wa njano. Kama bajeti ni ya kitu kimoja, nunua SSD, yaani diski ya kasi, kabla ya leseni yoyote. Kwa diski ya zamani kurestati kunachukua muda hadi mteja anahamia duka la pili, na kijana wa zamu akishaona hivyo hatarestati tena, hata umbandikie tangazo ukutani.