TAHADHARI: wanaojiita mafundi wa kutoa Windows ya pili kwenye menyu ya kuwasha kompyuta

Jamani kuna watu wanawawinda wanaouliza namna ya kutoa Windows ya zamani kwenye ile menyu inayotokea kompyuta ikiwaka, na wanakula hela za watu bure kabisa. Ukiuliza tu, muda si mrefu mtu yuko inboksi anajiita fundi, anakwambia hiyo laini ya pili kwenye menyu ni kirusi au diski yako inakufa, tuma hela kwanza halafu shusha programu fulani aingie kwenye mashine yako kwa mbali, na antivairasi uizime isije ikasumbua kazi.

Nimeishika laptopu ya mtu aliyehudumiwa hivyo. Menyu kweli haionekani tena, akaridhika akalipa. Kufungua nakuta Windows zote mbili bado zimo kwenye orodha, jamaa kabadilisha tu zile sekunde 30 za kusubiri zikawa 0, basi mashine inapitiliza moja kwa moja. Na ile programu ya kuingilia kaiacha humo humo, imesetiwa ijiwashe yenyewe kila mara na pasiwedi anayo yeye. Hiyo imeniuma kuliko hela, maana mle ndani kuna picha za watoto, barua pepe, mambo ya benki, na anaingia saa yoyote anayotaka.

Wakati kazi yenyewe unaifanya mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msconfig, nenda kwenye kichupo cha Boot, utaona Windows zilizoandikishwa. Yenye maneno Current OS usiiguse, ndiyo unayotumia. Bofya ile nyingine, Delete, Apply, OK, ristati. Haitaki intaneti wala kushusha chochote. Kinachofutika ni jina kwenye orodha tu, mafaili ya ule mfumo wa zamani yanabaki kwenye diski, kwa hiyo anayekwambia lazima afomati ndo laini itoke, mkimbie.

Kama kilichobaki ni Ubuntu au Linux nyingine (mifumo isiyo Windows), kwenye mashine za UEFI (programu ya kuwashia iliyomo kwenye kompyuta za kisasa) mara nyingi hutaiona pale msconfig, hapo inabidi kutumia bcdedit (amri ya Windows ya kurekebisha orodha ya kubuti) na ukikosea mashine inaweza isiwake, bora umtafute mtu unayemjua mkae naye. Fundi wa kweli ataanza na bakapu kwa bcdedit /export, tena atakuuliza kama unayo ile namba ya kufungulia BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski) yenye tarakimu 48, kwa sababu ukigusa mambo ya kubuti mashine inaweza kuidai na kama huna mafaili yako ndo basi. Hawa wa inboksi hata hawaulizi.

Kama ashaingia kwako, kata intaneti sasa hivi, ondoa ile programu, piga skani, halafu chukua simu au kompyuta nyingine ubadilishe pasiwedi zote, uanze na barua pepe na benki.