Kiboksi cha TV kwa Ajili ya Muziki: Kipi Ununue Ukiwa Dodoma

Ingia sebule nyingi za Dodoma, kuanzia Nzuguni hadi Kikuyu, utakuta mpangilio uleule: TV ukutani, sabufa chini yake, king'amuzi pembeni, na siku hizi kiboksi cha Android cha kutazamia filamu. Kiboksi hicho kinaweza kukupigia muziki wa kiwango cha CD au zaidi, lakini dukani hakuna anayekiuza kwa sifa hiyo. Muuzaji atakutajia 4K, atakutajia RAM, atakutajia GB za kuhifadhia. Wewe muulize kitu kimoja tu: sauti inatokea wapi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu sabufa zetu nyingi hazina HDMI. Zina matundu mawili ya RCA, jekundu na jeupe, pengine AUX, Bluetooth na mahali pa kuchomeka flashi. Kiboksi chenye HDMI peke yake kitakulazimu upitishie sauti kwenye TV kwanza, halafu uitoe TV kwa waya wa earphone au wa mwanga (optical). Maana yake TV iwake muda wote unaposikiliza, na uniti za LUKU zinaondoka kwa ajili ya picha ambayo hakuna anayeitazama. Njia nyingine ni kununua kile kidude cha kutoa sauti kwenye HDMI. Kinafanya kazi, ila ni chaja nyingine na waya mwingine nyuma ya meza.

Wengi wanamaliza suala kwa Bluetooth. Ni rahisi, na kwa kelele za kufagilia nyumba inatosha. Lakini Bluetooth ya kawaida inayotumia SBC, njia yake ya kubana sauti, inaishia karibu kilobiti 328 kwa sekunde, wakati CD ina 1,411. Ukilipia muziki usiopunguzwa kisha ukaurusha kwa Bluetooth, sehemu uliyoilipia inabaki hewani.

Kabla ya viboksi, neno kuhusu bando. Muziki wa mtandaoni wa kilobiti 320 unakula kama MB 144 kwa saa. FLAC ya kiwango cha CD, ambayo inabana faili bila kutupa chochote, inakula kama MB 400 kwa saa. Ile ya biti 24 na kilohezi 96, yaani ya undani kuliko CD, inaweza kuzidi GB moja. Mwenye faiba nyumbani hana neno. Anayeishi kwa bando la simu afanye muziki wake ukae kwenye flashi: ya GB 64 inabeba kama saa 150 za FLAC za kiwango cha CD. Kwa hiyo katika orodha hii nimempa alama za juu yule anayesoma flashi bila kuuliza intaneti.

1. Xiaomi Mi Box S

Kilitoka 2018 na si cha kisasa tena, lakini kina kitu ambacho wenzake wengi wamekiacha: tundu la milimita 3.5 linalotoa sauti ya kawaida ya AUX na pia sauti ya mwanga, kwa waya wa mwanga wenye kichwa kidogo. Sabufa unaiunga kwa waya wa AUX kwenda RCA unaopatikana duka lolote la vifaa vya simu. Siku ukipata amplifaya yenye tundu la mwanga, kiboksi ni kilekile. Ukiletewa toleo jipya zaidi, kigeuze nyuma ulione tundu kwa macho yako. Na usikubali kubadilishiwa kwa ile Mi TV Stick inayoning'inia kwenye HDMI. Haina tundu hilo.

Weka Kodi, programu ya bure ya kupiga muziki na filamu, ielekeze kwenye flashi yako, na FLAC zitapigwa. Kwenye simu weka Kore, rimoti ya Kodi, uchague nyimbo ukiwa jikoni. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi: ukizima TV, kiboksi nacho kinalala na muziki unakata. Si ubovu. TV na kiboksi vinaamrishana kupitia HDMI kwa mfumo uitwao CEC. Ingia kwenye mipangilio, zima CEC, ongeza na muda wa kiboksi kulala. Baada ya hapo TV ikae imezimwa, muziki uendelee.

Kasoro ziko mbili. Tundu la USB ni moja, kwa hiyo flashi na DAC ya nje (kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti) haviingii pamoja bila kigawio cha USB. Pili, Android kwa kawaida huchanganya sauti zote na kuzitoa kwa kilohezi 48, wakati CD ni 44.1. Wapo wanaokosa usingizi kwa jambo hilo. Kwa maoni yangu, kwenye sabufa ya sebuleni hutasikia tofauti, na pesa ya kulitibu inafaa zaidi ikiongezwa kwenye spika.

2. Raspberry Pi 4 na DAC

Kwa sauti tupu, hii ndiyo ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu si kiboksi cha kumpa mama mkwe. Ni kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka Juni 2019, ikiuzwa kuanzia dola 35 wakati huo, na hapo bado hujanunua chaja ya volti 5 ampia 3, memori kadi na kasha. Unaipakia Volumio au moOde, programu za kupiga muziki ambazo zote zina matoleo ya bure, halafu unaiongoza kwa simu kupitia kivinjari. TV haihitajiki kabisa. Faili ya 44.1 inatoka 44.1, hakuna anayeigusa njiani.

Usitumie tundu lake la earphone, lina mchakacho. Nunua DAC, kile kifaa kinachogeuza namba kuwa sauti: ama ya kubandika juu yake kama za HiFiBerry, ama ya USB. Pi 5 ya mwaka 2023 tundu hilo haina kabisa, na inataka chaja kubwa zaidi. Kwa muziki peke yake haikuongezei kitu.

Adui wa Pi hapa kwetu ni umeme unaokatika ghafla. Memori kadi ikikatiwa katikati ya kuandika inaweza kuharibika, ukaanza upya kupakia kila kitu. Vile viUPS vidogo vya ruta vyenye njia ya volti 5 vinasaidia, mradi vinatoa ampia za kutosha. Na muziki wako uweke kwenye flashi tofauti na kadi ya mfumo.

3. WiiM Mini au WiiM Pro

Hivi havina picha. Ni vya muziki tu. Mini ina tundu la AUX na la mwanga na inatumia chaja ya USB-C. Pro inaongeza RCA, waya wa mtandao na njia zaidi za kutoa sauti ya kidijitali. Vyote vinafika biti 24 na kilohezi 192 na kuongozwa kwa simu. Mtu mwenye amplifaya nzuri na faiba asisumbuke kusoma mengine, anunue hiki. Kwa wa bando kina walakini: hakuna kuchomeka flashi, muziki lazima ufike kwa Wi-Fi. Unaweza kuuweka kwenye laptopu au simu na kuurusha ndani ya nyumba kupitia ruta bila kutumia bando, ila kifaa hicho kiwe kinawaka. Na utaagiza; usitegemee kukikuta kwenye maduka ya hapa mjini.

4. Apple TV 4K

Kwa nyumba ya iPhone. Apple Music ipo Tanzania tangu 2020, na tangu Juni 2021 inatoa muziki usiopunguzwa bila nyongeza ya bei. Kiboksi hiki kinaupiga, ila kinaishia kilohezi 48, hivyo vile viwango vya 96 na 192 utavitazama tu kwenye tangazo. Hakina tundu la USB wala la mwanga. Ni HDMI tu. Lile la mwanga lilikuwepo kwenye vizazi vya zamani, likaondolewa 2015. Ukiwa na risiva au saundiba yenye HDMI ni kifaa kitulivu, kisichosumbua. Ukiwa na sabufa ya RCA, ruka.

5. Google TV Streamer

Kilitoka 2024 kwa dola 99.99 Marekani, waya wa HDMI unanunua mwenyewe. Kwa filamu ni kizuri sana. Kwa muziki kina HDMI na USB-C moja ambayo ndiyo inayoingizia umeme, kwa hiyo flashi inadai kigawio. Kama tayari unacho, kitumie. Kukinunua kwa ajili ya muziki, hapana.

Usinunue: viboksi visivyo na mwenyewe

Nasema vile vyenye majina ya herufi na namba na maandishi ya "8K" kwenye kasha. Vingi vina tundu la AV, la kutolea sauti na picha, na kwenye karatasi vinaonekana kumzidi Mi Box S. Vichomeke kwenye sabufa, pandisha sauti bila kupiga wimbo, usikilize ule mvumo wa "shhh". Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba baadhi ya viboksi vya aina hii vimekutwa vimepachikwa programu hasidi kabla hata ya kufika dukani. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa vifaa vya namna hiyo uitwao BADBOX 2.0. Kifaa hicho kitakaa kwenye Wi-Fi moja na simu unayotumia kutuma pesa.

Kama huna haraka ya kununua

Simu ya Android uliyoistaafisha kwa sababu kioo kimepasuka ni kiboksi cha muziki tayari. Ipe DAC ndogo ya USB-C na waya wa kwenda RCA. Programu ya kulipia ya USB Audio Player PRO inazungumza na DAC moja kwa moja na kukwepa kile kichanganyio cha kilohezi 48. Angalizo: kile kiadapta cha Apple cha USB-C kwenda earphone, kinachosifiwa kwa ubora na bei ndogo, kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ya chini.

Mngurumo na faili za uongo

Ukisikia mngurumo mzito usiokwisha hata wimbo ukisimama, usikimbilie kulaumu kiboksi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na vifaa vikiunganishwa kwa waya huku kila kimoja kikipata umeme kwake, mngurumo hupita kwenye waya wa sauti. Jaribu kwanza kuchomoa waya wa king'amuzi unaotoka kwenye dishi. Mara nyingi ndiye mkosaji. Halafu kipe kiboksi chaja yake badala ya kukilisha kwa USB ya TV. Waya wa mwanga unaumaliza kabisa, kwa kuwa umeme haupiti humo.

Kuhusu faili: mp3 ya kilobiti 128 ikigeuzwa FLAC inaongezeka ukubwa tu. Ifungue kwa Spek, programu ya bure ya kompyuta inayochora sauti. Ukiona mchoro umekatwa kama kwa rula karibu na kilohezi 16, umepigwa. CD za kwaya zilizojaa kabatini kwa wazazi ni mali halali zaidi, zinakiliwe sasa kabla hazijachubuka. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania kwa kanda, nakala nzuri ya kiwango cha CD inazitosha.

Siku ya kununua nenda na earphone zako za waya na flashi yenye wimbo mmoja unaoujua nje ndani. Mimi hubeba wimbo wa ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, wa marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa hukuhuku. Chuma kikipigwa mlio wake hufifia polepole, na kwenye faili mbovu mkia huo unachuruzika kama maji ya bomba lililolegea. Omba wakichomeke hapo hapo kaunta. Angalia flashi inasomwa, maana viboksi vingine vinakataa iliyofomatiwa kwa mpangilio wa exFAT na kutaka wa FAT32, na tundu la sauti linatoa sauti pande zote mbili. Kama unaagiza Kariakoo kwa basi, mwambie muuzaji akutumie video ya nyuma ya kiboksi, matundu yakionekana, kabla hujamtumia pesa. Risiti iandikwe namba ya kifaa na muda wa waranti.