Kuchomoa diski mbovu kwanza, au kuibadilisha ikiwa bado inazunguka?

Ripoti ya SMART (diski inavyojipima afya yenyewe) inaonyesha sekta mbovu, yaani vipande vidogo vilivyoharibika, zinaongezeka kwenye diski moja kati ya nne za RAID 5, safu ya diski inayostahimili kufa kwa moja tu. Bado inasomeka, ila kwa taabu.

Kuichomoa hapohapo na kuweka mpya ndiyo njia iliyozoeleka, na kama kisanduku chako hakina nafasi ya tano, huna ujanja mwingine. Mfumo unakokotoa data upya kutoka diski tatu zilizobaki. Tatizo ni saa za katikati. Diski ya TB 8, hata ikiandikwa kwa MB 200 kwa sekunde bila kupumzika, huchukua saa 11 hivi, na muda wote huo RAID 5 haina kinga. Sekta moja ikigoma kusomeka kwenye zile tatu, ambazo mara nyingi zilinunuliwa siku moja na hiyo mgonjwa, data ya hapo imekwenda.

Njia ya pili: chomeka mpya pembeni, kisha kwenye Linux tumia amri ya kusimamia RAID, mdadm --replace. Data inanakiliwa kutoka diski ya zamani. Pale tu inaposhindwa kusomeka ndipo nyingine zinaitwa kusaidia. ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake, nayo inaruhusu ya zamani ibaki wakati wa amri ya zpool replace. Mimi ningechagua hii hata kwa RAID 6, inayostahimili kufa kwa diski mbili.

Ila diski ikianza kugongagonga au kupotea kila dakika, usiibembeleze, itachelewesha safu nzima. Ichomoe, lakini soma kwanza namba ya kiwandani kwenye kibandiko: ukivuta nzima kimakosa, safu yote inaweza kuanguka.