Kambi za Mau Mau: faili za wakoloni au vinywa vya wazee?

Nani atuambie yaliyotendeka katika kambi ambamo wakoloni Waingereza waliwazuia washukiwa wa Mau Mau, vuguvugu la kupigania ardhi na uhuru wa Kenya, enzi za hali ya hatari, 1952 hadi 1960: makaratasi ya serikali au wazee walionusurika?

Karatasi ina tarehe, sahihi na cheo cha aliyeamuru. Lakini mwandishi wake ndiye aliyeshika rungu. Tarehe 3 Machi 1959, mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kambini Hola, karibu na mto Tana. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji! Uchunguzi wa vifo ndio ulioumbua uongo huo. Tena karatasi huungua. Uhuru ulipokaribia, nyaraka nyingi ziliteketezwa, nyingine zikasafirishwa Uingereza na kufichwa Hanslope Park, kituo cha siri cha serikali ya huko, zikajulikana hadharani mwaka 2011 tu.

Mzee naye anaweza kuchanganya miaka, na wakili wa upande wa pili humbana hapohapo. Hata hivyo kovu analo mwilini, na anakumbuka mambo ambayo hakuna karani angethubutu kuyaandika.

Katika kesi ya London, ambapo walionusurika waliishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya kambini, wazee ndio waliofungua mlango, kisha faili zikawaunga mkono. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Nikilazimika kuchagua, naanza na wazee. Faili iliyookolewa itasubiri hadi mwakani. Bibi aliyefungiwa Kamiti, kambi ya wanawake, akiwa msichana sasa amepita miaka 80.